Katuni, au Hadithi ya Picha?

Neno katuni limetwishwa mzigo mno. Twalitumia kwa Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kwa filamu za watoto, na hata kwa Shujaaz, jarida la Kenya lililoanza mwaka 2010. Hili la mwisho ni hadithi ya picha, na lihakikiwe kama hadithi. Sheng inamfaa Boyie, kijana atangazaye redioni kwa siri kutoka chumbani mwake. Kuyasanifisha mazungumzo yake ni kumnyang'anya ulimi. Hata hivyo msomaji wa Nakwa, Babati, atakwama penye keja na mathe. Mfasiri asimpe “makazi” na “mzazi wa kike”, bali geto na bimkubwa. Si maneno ya ofisini, lakini kijiweni ndiyo yasemwayo.