Fundi wa Kuchunguza Kosa

Mwezi Agosti mwaka 1978, wachambuzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, waliandika kwamba Iran haikuwa katika hali ya mapinduzi, wala haikuwa imefikia hata hatua inayotangulia mapinduzi. Mwezi huohuo sinema ya Rex mjini Abadan iliteketea na mamia ya watazamaji ndani yake. Tarehe 8 Septemba askari waliwamiminia risasi waandamanaji katika uwanja wa Jaleh, Tehran. Tarehe 16 Januari 1979 Shah Mohammad Reza Pahlavi alipanda ndege na hakurudi tena. Ayatollah Khomeini akatua Tehran tarehe 1 Februari, na siku kumi baadaye serikali aliyoiacha Shah ikaanguka.

Dola kubwa ikipatwa na fedheha ya namna hiyo, kila mtu hutafuta shingo ya kubebesha lawama. CIA ilimkabidhi uchunguzi mwanasayansi wa siasa aliyekuwa hajafikisha miaka 40, Robert Jervis, ambaye tayari alikuwa mshauri wao. Alipewa nyaraka ambazo wachambuzi wa Iran walikuwa wakizisoma siku zile, akakaa nazo, akazisoma kwa mpangilio uleule walioupokea wao. Taarifa aliyoiandika mwaka 1979 ilibaki siri kwa miaka mingi. Alipoichapisha hatimaye, mwaka 2010, katika kitabu chake Why Intelligence Fails, wasiokuwa na kibali cha kuona siri za serikali waliweza kuona jinsi alivyofanya kazi. Nimeirudia mara nyingi, na kila nikiirudia naona ustadi ambao mwanzoni ulinipita.

Jervis alitenganisha mambo mawili ambayo sisi wengine huyafunga fungu moja: kukosea, na kufikiri vibaya. Mtu anaweza kufikiri vizuri kwa habari alizonazo na bado akakosea. Anaweza pia kufikiri ovyo akapatia. Kwa hiyo hakuridhika kuonyesha kwamba CIA ilikosea, jambo ambalo kila msomaji wa gazeti alilijua. Alitaka kujua kama, kwa habari zilizokuwa mezani asubuhi ile, mtu makini angeweza kuamini walichoamini.

Alichokikuta ni cha kusikitisha na cha kuvutia kwa pamoja. Wachambuzi walikuwa na imani moja ambayo karibu hawakuiandika popote, kwa sababu kwao ilikuwa wazi mno: Shah ana jeshi kubwa na ana SAVAK, polisi wake wa siri, akiona utawala wake uko hatarini kweli, atatumia nguvu zote. Hadi sasa hajatumia nguvu zote. Basi hayuko hatarini. Mantiki hii haina upumbavu wowote. Watawala wengi wangefanya hivyo. Tatizo lake lilikuwa limejificha ndani: kila siku ambayo Shah alisitasita ilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba mambo ni shwari. Ushahidi pekee ambao ungeivunja imani ile ulikuwa kuanguka kwa Shah mwenyewe, na ushahidi huo ungefika wakati hauna tena faida kwa yeyote. Wachambuzi hawakujua kwamba wameegemea ukuta wa namna hiyo. Hakuna aliyekaa akajiuliza: nikiwa nimekosea, nitaona nini, na nitakiona lini?

Swali hilo ndilo zana kuu ya Jervis.

Kulikuwa na mengine. Shah alikuwa na saratani, na siri hiyo ilijulikana kwa madaktari wake wa Kifaransa na watu wachache mno. Marekani haikuwa nayo. Wachambuzi wa siasa za Iran ndani ya CIA walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Halafu kulikuwa na kaseti. Mahubiri ya Khomeini yalikuwa yakirekodiwa uhamishoni, yakinakiliwa, yakipita kutoka msikiti hadi msikiti na kutoka duka hadi duka, wakati wachambuzi waliotakiwa kuielewa Iran hawakuwa wakiyasikiliza. Wengi wao waliiona dini kuwa masalia ya zamani ambayo maendeleo yangeyafuta taratibu, hivyo hawakuona kwa nini maneno ya mzee wa dini aliyeko ughaibuni yawashughulishe. Msomaji yeyote wa pwani yetu aliyekulia penye kaseti za mawaidha ataelewa mara moja ni chombo gani walichokidharau.

Huwezi kuielewa taarifa ile bila kujua alikotoka mwandishi wake. Jervis alizaliwa New York mwaka 1940, akasoma Oberlin kisha Berkeley, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 1968. Alifundisha Harvard, kisha Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na kuanzia mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Columbia, mjini alikozaliwa, hadi alipofariki tarehe 9 Desemba 2021. Hakuwahi kuwa waziri wala jenerali. Kazi yake ilikuwa kusoma: kumbukumbu za mabalozi, majaribio ya wanasaikolojia, historia za vita. Alitafuta mahali ambapo akili nzuri huteleza.

Kitabu chake cha mwaka 1976, Perception and Misperception in International Politics, ndicho kilichomjengea jina, na naamini bado hakijapitwa. Ndani yake aliziweka mezani hofu mbili kubwa za wanasiasa wa karne ya 20. Moja inatoka mwaka 1914: mataifa yaliyoogopana yalijihami, kila kujihami kukaongeza hofu ya mwenzake, hadi yakajikuta vitani. Ya pili inatoka mwaka 1938, Munich, ambako Hitler alipewa alichodai na hamu yake ikazidi. Anayeikumbuka ya kwanza atasema tupunguze ukali. Anayeikumbuka ya pili atasema tukaze msimamo. Wasomi wengi wangechagua upande na kuandika kitabu cha kuutetea. Jervis alisema dawa hutegemea ugonjwa: ukimtisha aliyejaa hofu utamfanya mkali zaidi, na ukimbembeleza mchokozi utampa njaa. Kwa hiyo kazi ngumu ni kumtambua uliye naye, na hapo ndipo macho yetu huwa dhaifu kabisa. Tunaona tunachokitarajia. Tunadhani matendo ya adui yamepangwa na kichwa kimoja, ilhali kwake, kama kwetu, kuna fujo, bahati mbaya na maofisa wasiosikilizana. Tunajua sisi hatuna nia mbaya, tukaamini kwamba na yeye analijua hilo.

Miaka miwili baadaye, Januari 1978, makala yake kuhusu mtanziko wa usalama ilitoka katika jarida la World Politics. Dhana yenyewe ilikuwa ya John Herz, aliyeipa jina mwaka 1950: hatua ninayochukua ili niwe salama humfanya jirani ajione hana usalama. Jervis aliuliza jambo ambalo fundi wa kweli angeliuliza, yaani mtanziko huu huwa mkali lini na hulegea lini. Akajibu kwamba mambo mawili huamua. Je, kushambulia ni rahisi kuliko kujilinda? Na je, silaha za kujilinda zinaweza kutofautishwa na za kushambulia kwa kuzitazama tu? Mwaka 1914 majenerali waliamini kwamba anayewahi kushambulia ndiye mshindi, hivyo kila upande ukakimbilia kuwahi. Mahandaki na bunduki za rashasha vikaja kuonyesha kwamba waliamini kinyume cha mambo, baada ya mamilioni kufa.

Alipoipeleka hoja hiyo kwenye nyuklia alifika mahali ambapo moyo hukataa kumfuata, ingawa akili inakubali. Kombora lililofichwa ndani ya nyambizi baharini linaweza kuteketeza mji, lakini haliwezi kuzuia adui naye asilipize, hivyo halimpi yeyote sababu ya kuwahi kupiga. Kombora sahihi lililolengwa kuharibu makombora ya upande wa pili ndilo la kuogopwa zaidi, maana linampa mwenye nalo hamu ya kuanza na asiye nalo hofu ya kuchelewa. Mwaka 1984 aliandika kitabu kizima kukosoa mkakati wa nyuklia wa nchi yake, na kile cha mwaka 1989, The Meaning of the Nuclear Revolution, kilimpatia tuzo ya Grawemeyer mwaka uliofuata. Napenda kwamba hakulainisha hitimisho lile. Aliliacha na uchungu wake wote.

Kisha ikaja Iraq. Tarehe 26 Septemba 2002 wasomi 33 wa uhusiano wa kimataifa walilipia tangazo katika gazeti la New York Times kupinga vita vilivyokuwa vinaandaliwa, na Jervis alikuwa miongoni mwao. Vita vikapiganwa Machi 2003. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikupatikana. Mtu aliyepinga tangu mwanzo angeweza kusimama na kucheka. Jervis akarudi kwenye nyaraka.

Sehemu hii ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Alionyesha kwamba dhana ya wachambuzi haikutoka hewani: Saddam Hussein aliwahi kuwa na silaha za kemikali, alizitumia dhidi ya Wairani na dhidi ya Wakurdi, na aliwadanganya wakaguzi wa Umoja wa Mataifa. Hapo palitawala mantiki ya wahenga wetu, kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wakaguzi wasipokuta kitu, ilisemekana Wairaki ni hodari wa kuficha. Mirija ya alumini iliponaswa, CIA iliiona kuwa ya mashine za kurutubisha urani, ingawa wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani walipinga. Ilikuja kujulikana kwamba ilikuwa ya roketi za milimita 81. Kila kipande kilisomwa kwa mwanga wa dhana iliyokuwapo tayari, kisha vipande vyote vikahesabiwa kana kwamba kila kimoja kinasimama peke yake. Karibu hakuna aliyejiuliza kama Saddam angeweza kuwa ameziharibu silaha akaacha shaka idumu makusudi, kwa kuiogopa Iran. Uchunguzi wa baada ya vita ulielekeza huko.

Hukumu yake ilikuwa ya kiasi, na kwa hiyo haikumpendeza mtu. Uchambuzi bora zaidi, alisema, ungewapunguzia wachambuzi uhakika. Usingewafikisha kwenye hitimisho kwamba hakuna silaha. Waliotaka kusikia kwamba CIA ilidanganya hawakuridhika, na waliotaka isafishwe hawakuridhika pia.

Nimejaribu kuitumia njia yake kwa jambo lililotugusa. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakaua zaidi ya watu 200, wengi mno wakiwa Wakenya waliokuwa kazini kwao au wakipita barabarani. Baada ya tukio kila onyo la awali linaonekana kama lilipigiwa tarumbeta. Roberta Wohlstetter, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu shambulio la Pearl Harbor, alitufundisha kutahadhari na macho hayo ya baadaye, kwa kuwa ishara hufika zikiwa zimezongwa na kelele, na Jervis alijenga juu ya msingi huo. Hata hivyo, kuitumia njia hii kwa haki kunanipeleka kwenye lawama, si kwenye msamaha. Kujua siku na saa ya shambulio kulihitaji ujasusi, na ujasusi hukosea. Kujua kwamba jengo la Nairobi limesogea mno barabarani hakukuhitaji ujasusi wowote: Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameliandikia hilo Washington kabla, akaomba jengo salama zaidi. Bodi iliyoongozwa na Admirali William Crowe ilipochunguza, ilikuta kwamba ulinzi wa balozi haukuwa umepewa uzito wala fedha ulivyostahili. Anayechanganya mambo haya mawili atamlaumu mchambuzi kwa kutotabiri, na kumwacha aliyekalia bajeti.

Kwa miaka mingi Jervis aliongoza jopo la wanahistoria lililoishauri CIA kuhusu kufungua nyaraka zake za zamani. Ni kazi isiyo na sifa, ya kubishana ukurasa kwa ukurasa juu ya kipi kifutwe kwa wino mweusi na kipi kiachwe kisomwe. Aliielewa thamani yake kuliko wengi, kwa sababu bila nyaraka zile hakuna atakayeweza kumkagua mkaguzi.

Katika maandishi yake ya miaka ya mwisho alirudi mara kwa mara kwenye jambo linalowatenganisha wachambuzi na viongozi. Mchambuzi mwaminifu huleta shaka: huenda, labda, hatujui. Kiongozi anayetaka kupeleka vijana vitani, au kuwazuia wasiende, anahitaji uhakika mbele ya bunge, mbele ya washirika, na mbele ya nafsi yake mwenyewe. Kwa hiyo, Jervis aliandika, watagongana hata kama wote wawili ni watu wema na hodari. Kuhusu Iraq alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba hata tathmini iliyojaa tahadhari huenda isingevizuia vita vile, kwa sababu Rais George W. Bush na wenzake walimwogopa Saddam kwa alivyokuwa na kwa ambacho angeweza kuja kukifanya, na tathmini ya silaha ilikuwa kigezo kimoja tu ndani ya hofu hiyo.

Mtu aliyetumia zaidi ya miaka 40 kuboresha chombo cha kuonya aliandika, bila kutetereka, kwamba chombo hicho kikifanya kazi vizuri kabisa bado kinaweza kupuuzwa. Kisha akaendelea kukinoa.