Mabamba Kati ya Triumph na Norton

Watu wanaoiona Triton kwa mara ya kwanza hutazama tangi. Wana haki: ni refu, la alumini iliyong'arishwa, na mbele yake kuna hendeli fupi zilizoshushwa, na nyuma yake kiti cha mtu mmoja chenye mkia ulioinuka. Mimi ningewaomba wachuchumae. Kazi yenyewe iko chini, nyuma ya mabomba ya moshi, pale ambapo injini ya kiwanda kimoja inakutana na fremu ya kiwanda kingine. Kinachoziunganisha ni mabamba ya alumini ambayo fundi ameyakata mwenyewe.

Triton ni pikipiki ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton. Ilizaliwa kwenye karakana ndogo na mabanda ya nyuma ya nyumba, mikononi mwa vijana ambao jioni walikusanyika mahali kama Ace Cafe, mgahawa wa madereva wa malori kando ya barabara ya North Circular jijini London. Walichokitafuta ni maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160, na walitaka kona zisiwatupe nje wakiwa kwenye mwendo huo. Triumph ilikuwa na injini yenye nguvu, iliyopatikana kwa urahisi na iliyokubali kuongezewa nguvu zaidi. Lakini fremu zake ziliyumba. Fremu ya kuaminika ilikuwa kwa Norton.

Fremu hiyo, Featherbed, ilibuniwa na Rex McCandless wa Belfast akisaidiana na nduguye Cromie, na Norton ikaiingiza mashindanoni mwaka 1950. Mwaka huo huo, katika mbio za TT za Kisiwa cha Man, Norton ilichukua nafasi tatu za kwanza katika daraja la cc 350, ikachukua tena tatu za kwanza katika daraja la cc 500, ambako mshindi alikuwa Geoff Duke. Injini yao ya silinda moja ilikuwa na umri mkubwa tayari. Kilichokuwa kipya ni chuma kilichoishika.

Ukiikuta Featherbed tupu, bila injini wala magurudumu, utashangaa uchache wa vitu vyake. Ni mabomba mawili marefu, moja kila upande. Kila bomba linatoka kwenye shingo ya usukani, linakwenda nyuma juu ya nafasi ya injini, linateremka nyuma ya giaboksi, linarudi mbele chini ya injini, kisha linapanda hadi shingoni tena. Hapo mbele yanapishana: sehemu inayopita juu inashika chini ya shingo, na ile inayotoka chini inapanda kushika juu. Kupishana huko ndiko kunakoizuia shingo isijisokote wakati dereva amelala kwenye kona. Za mashindano, zile za pikipiki ya Norton Manx, zilijengwa kwa mabomba ya chuma maalumu, Reynolds 531. Za barabarani zilitumia chuma cha kawaida zaidi, lakini umbo ni lile lile.

Bahati nayo iliwabeba mafundi. Miaka hiyo kulikuwa na mbio za magari madogo ya cc 500, Formula 3, na madereva wake waliitaka sana injini ya Manx. Norton haikuwa tayari kuiuza injini peke yake. Aliyeitaka alinunua pikipiki nzima, akafungua injini, akaliweka gofu pembeni. Ndivyo baadhi ya fremu bora kabisa nchini zilivyobaki zimeegemea kuta, zikingoja mtu wa kuzijaza.

Na kuzijaza si kupachika tu. Injini ya Triumph ya cc 650, kabla ya mwaka 1963, ilikuwa kitu kimoja na giaboksi kitu kingine, zikiunganishwa na cheni fupi upande wa kushoto. Kwa hiyo fundi ana mizigo miwili ya kuweka mahali pake, na kila mmoja unamfunga mwenzake. Kazi huanzia nyuma. Gurudumu la nyuma lazima likae katikati ya fremu, sawa na la mbele, na hilo halina mjadala. Likishakaa, sproketi yake imeamua ilipo sproketi ya giaboksi, kwa sababu cheni ndefu inataka mstari ulionyooka. Giaboksi ikishakaa, klachi iliyo juu yake imeamua ilipo sproketi ya injini. Injini huja mwisho, inachukua nafasi iliyoachiwa. Ikitoka kidogo nje ya mstari wa katikati, itoke. Jicho litasamehe, lakini cheni iliyopinda hula meno ya sproketi na mwishowe hukatika.

Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko mahali pengine popote. Fundi mzuri huiinua injini kwa vipande vya mbao ndani ya fremu, akaisogeza mbele kadiri mabomba ya moshi yanavyoruhusu na chini kadiri anavyothubutu, maana uzito ukiegemea gurudumu la mbele usukani hutulia. Huweka rula ndefu ya chuma kwenye uso wa sproketi, akatazama mwanga unaopenya. Huongeza kijibao. Hutazama tena. Siku nzima inaweza kupita hivyo, na mgeni akiingia jioni ataona injini iko pale pale ilipokuwa asubuhi.

Akiridhika, hukata kielelezo cha kadibodi, kisha cha plaiwudi. Plaiwudi ikikubali ndipo anaigusa alumini. Mabamba ya kulia na kushoto hubanwa pamoja na kutobolewa kwa mpigo mmoja, ili tundu la huku lisitofautiane na la kule. Hutoboa dogo kwanza, akalipanua hadi boliti iingie kwa kusukumwa na kidole gumba bila kuchezacheza. Tundu moja tu huachwa refu: giaboksi inageuka juu ya boliti yake ya chini, huku ya juu ikiteleza ndani ya tundu hilo, na hivyo ndivyo cheni fupi inavyokazwa na kulegezwa.

Kisha kuna nafasi zinazobaki kati ya bamba na injini, na kati ya bamba na fremu. Fundi mwenye haraka hukaza nati hadi nafasi ijifunge yenyewe. Pikipiki itawaka, itakwenda, na siku moja sikio la kava la injini litapasuka, kwa sababu lilikuwa limevutwa tangu siku ya kwanza. Fundi makini hupima kila nafasi na kukereza kipande cha kuijaza kwa kipimo chake. Nati zote zikiwa zimelegea, injini inapaswa kukaa pale bila kulazimishwa na chochote. Hapo ndipo anakaza.

Mtetemo ndio mtihani wa mwisho. Katika injini ya Triumph pistoni mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, na hakuna uzito utakaoongezwa kwenye krenki ukaumaliza mtikisiko huo. Unaweza kuuhamisha tu, kutoka juu-chini kwenda mbele-nyuma. Kiasi cha uzito kinachotuliza mtikisiko katika fremu ya Triumph kinaweza kuchosha mikono katika ya Norton. Ndiyo maana huongezwa mkono wa chuma kutoka kichwa cha silinda hadi kwenye fremu, na tangi la oili hukalishwa kwenye mpira. Anayeusahau mkono huo huona nyufa kwenye mabamba aliyoyahangaikia.

Wapo wanaosema hizi zilikuwa pikipiki za wahuni wa barabarani. Jibu lilitolewa mwaka 1965 huko Barcelona, kwenye mbio za saa 24 za mlima Montjuïc, ambako Dave Degens na Rex Butcher walishinda kwa Triton iliyojengwa na Dresda, karakana ya Degens mwenyewe. Saa 24 za kupanda, kushuka na kufunga breki ni kipimo ambacho kazi ya kulipualipua haiwezi kukivuka.

Siku hizi mabamba huuzwa yakiwa yameshakatwa kwa mashine za kompyuta, na Triton zinaendelea kujengwa. Silaumu, bamba lililokatwa sawa ni sawa. Lakini mashine haijui fremu hii ya miaka 60 ilipinda wapi ilipoanguka, na rula bado lazima iwekwe. Ukiambiwa ipo Triton inayouzwa, omba tochi na upige magoti upande wa kushoto. Tazama boliti zinazoishika injini. Ukiona nafasi zimejazwa na washa zilizorundikwa moja juu ya nyingine, mshukuru mwenyewe na uende zako. Ukiona kila boliti imepita ndani ya kipande kimoja kilichokerezwa, kimekaa bila upenyo, muulize ni nani aliyeijenga, na kama yuko tayari kukujengea ya kwako.