Mtoto Safarini na Macho ya Kuazima

Hivi karibuni nimelifuta shairi langu moja, na nadhani sababu ya kulifuta inawahusu malenga wengi. Mjukuu wangu wa miaka sita alichukuliwa na wazazi wake kwenda Maskati kuwazuru jamaa. Nami, niliyebaki Kigamboni, nikatunga shairi la kumpokea, yeye mwenyewe akiwa ndiye msemaji. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Nimefika kwa salama, minara yanishangaza,
Taa zawaka daima, usiku hauna kiza,
Majumba yamesimama, marefu yanapendeza,
Mungu ametujalia, safari tumemaliza.

Mizani imetimia, na vina vya utao havikuteleza. Nilipomsomea alisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Babu, kule majumba si marefu. Marefu yako Posta." Ni kweli. Maskati yajulikana kwa nyumba zake nyeupe zisizopanda juu sana, ilhali mtoto wa Kigamboni huyaona maghorofa ya Posta kila avukapo. Yale majumba niliyatoa katika picha za Dubai, nikamtia mtoto kinywani.

Aliyoyaona yeye ni mengine. Alisema bahari ya kule haina pantoni, naye alipouliza watu huvuka vipi, wakubwa walicheka. Alisema bibi wa kule husema Kiswahili kama sisi, lakini wajukuu zake hawakijui, basi wakacheza kwa kuonyeshana vidole. Juu ya taa hakusema neno.

Kosa la shairi langu, basi, lilikuwa la kuona. Tumezoea kudhani kwamba mtoto akiingia mji mgeni hushangaa, kwa kuwa sisi wakubwa ndivyo tushangaavyo. Mtoto aghalabu hutafuta. Huuliza kiko wapi kile alichokiacha nyumbani, na kwa kipimo hicho huupima mji mzima.

Shahidi wangu wa kwanza ni Sayyida Salme, aliyezaliwa Bet il Mtoni, Unguja, mwaka 1844, na ambaye kumbukumbu zake zilitoka Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Alipokuwa wa miaka saba hivi, yeye na mamake walihamia mjini, katika Bet il Watoro kwa nduguye Majid. Haukuwa mji wa nchi nyingine, lakini kwake ulikuwa ugeni mtupu. Na jambo linalomsumbua mtoto yule ni mashua zake za kuchezea: atazielea wapi, ikiwa hapa hakuna mto kama ule wa Mtoni? Hapo ndipo ninapomwamini. Msomaji mkali aweza kusema kwamba maneno hayo yaliandikwa na mtu mzima aliye mbali na kwao, na kwamba huenda hamu ya Mtoni ni ya mama yule wa Ujerumani zaidi ya kuwa ya mtoto. Sikatai. Lakini mashua ile ni ya mtoto, haikuazimwa popote.

Shahidi wa pili ni Yusuf katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa jina la Peponi mwaka 2022. Yusuf, wa miaka kumi na miwili, anasafirishwa kwa gari moshi mpaka mji asioujua, pamoja na mtu anayemwita ami. Furaha ya kupanda gari moshi imemjaa. Kwamba amewekwa rehani kwa deni la babake, hajui. Ataambiwa baadaye na Khalil. Mwandishi hakumkopesha mtoto ujuzi wa mtu mzima, na kwa sababu hiyo uchungu unatufikia sisi kabla haujamfikia yeye.

Sisemi kwamba jicho la mkubwa halina kazi. Salim bin Abakari, aliyetembea Urusi na Siberia mwaka 1896, alitupa habari za miji ya mbali kwa jicho la mtu mzima, na habari zake, zilizotiwa katika Safari za Wasuaheli za Velten mwaka 1901, twazisoma kwa faida hadi leo. Lakini yeye alisema kwa kinywa chake. Ubaya ni kumvisha mtoto kanzu ya babu yake, kisha tukamsifu kwamba imempendeza.

Hili si dogo. Mtoto anayesikia safari yake ikisimuliwa mara nyingi na wakubwa, mwisho huiamini simulizi yao na kuisahau yake. Sikupenda wangu akue akikumbuka majumba marefu ya Maskati.

Shairi nimelianza upya kwa swali la pantoni. Kina chake ndicho chepesi kuliko vyote katika lugha yetu. Kazi ngumu ni kunyamaza mpaka mtoto amalize kusema.