Mkoa Si Tabaka: Uhakiki wa Kipimo cha Uanuwai wa Wanafunzi katika Vyuo Vikuu vya Umma vya Msumbiji

Mjadala kuhusu uanuwai wa wanafunzi katika vyuo vikuu vya umma vya Msumbiji umeegemea zaidi jiografia. Sababu yake inaeleweka. Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, kilichoanzishwa mwaka 1962 chini ya ukoloni wa Wareno na kupewa jina lake la sasa mwaka 1976, kipo Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Palma na Mocímboa da Praia. Kuundwa kwa Chuo Kikuu cha Lúrio mwaka 2006, chenye kampasi katika mji wa Pemba, na kwa Chuo Kikuu cha Rovuma mwaka 2019, kuliisogeza elimu ya juu kaskazini. Hata hivyo, hatua hizo hupima mkoa na kuliacha tabaka bila kupimwa.

Kundi liitwalo “wanafunzi wa Cabo Delgado” linaficha tofauti kubwa. Mtoto wa mtumishi wa serikali mjini Pemba, aliyelelewa kwa Kireno, huhesabiwa sawa na mtoto wa mvuvi wa Ibo au Palma ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimwani, aliyeanzia chuoni kwa Kurani na kukutana na Kireno darasani. Wote wawili hufanya mtihani wa kujiunga kwa Kireno. Anapofaulu wa kwanza, takwimu husema pwani imewakilishwa.

Wala haifai kudhani kwamba familia za pwani hazikuwa na maandishi. Katika karne ya 19, watawala wa pwani hii waliwaandikia maofisa wa Kireno barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na nyingine zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa. Kilichokosekana ni thamani ya ujuzi huo mbele ya shule. Mtaala wa mwaka 2003 uliingiza Kimwani katika elimu ya lugha mbili, lakini katika madarasa ya mwanzo tu, kabla ya Kireno kushika nafasi. Katiba ya mwaka 2004 nayo inazienzi lugha za taifa katika ibara ya 9, huku ibara ya 10 ikikifanya Kireno kuwa lugha rasmi. Hivyo lugha ya nyumbani hugeuka kuwa alama za mtihani kwa wengine, na kizuizi kwa wengine.

Huenda ikadaiwa kwamba mtihani mmoja kwa wote ndio haki, na kwamba Kireno ni kiungo cha umoja wa taifa. Dai hilo lina uzito, lakini linathibitisha tu kwamba Kireno kinahitajika. Halithibitishi kwamba kila mtahiniwa alipewa nafasi ya kujifunza. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, na la Palma la Machi 2021, nafasi hiyo imezidi kupungua: shule zilifungwa, familia zikakimbilia Pemba, Metuge na Montepuez. Kijana aliyehamishwa na vita akijiandikisha Pemba, anaweza kuonekana katika orodha kama mkazi wa mjini.

Kwa watunga sera, yapo mambo mawili yanayotangulia mengine. Kwanza, fomu za udahili ziulize lugha ya nyumbani, kazi ya wazazi, wilaya ya shule ya msingi na historia ya kuhama. Pili, kampasi za kaskazini zitoe mwaka wa maandalizi ya Kireno cha kitaaluma, usiolipiwa, kwa waliosoma katika wilaya za pwani. Bila hayo, idadi ya wanafunzi kutoka Cabo Delgado inaweza kuongezeka kila mwaka bila mtoto wa mvuvi kuwamo.