Kesi ya Banro: dola bilioni 1 zilivyokwama mlangoni

Wengi wetu Bukavu tunaijua Banro kwa dhahabu ya Twangiza, kule Luhwinja, iliyoanza kumiminwa Oktoba 2011. Maavoka wana sababu nyingine ya kuikumbuka: shauri la mwaka 1998, ambalo Serikali ya Kongo ilishinda bila waamuzi kuiuliza kwa nini ilivunja mkataba.

Mkataba huo wa madini ulitiwa saini 13 Februari 1997, Mobutu akiwa amebakiza miezi mitatu madarakani. Uliifunga Zaire, kampuni ya madini ya SOMINKI na Banro ya Toronto, kisha ikazaliwa kampuni ya SAKIMA: asilimia 93 ya hisa kwa Banro, 7 kwa serikali. Mwishoni mwa Julai 1998, Laurent-Désiré Kabila alifuta yote kwa dekreti. Migodi ikapewa SOMICO, kampuni mpya iliyoongozwa na Mwami Philemon Naluhwindja wa Luhwinja. Tarehe 2 Agosti uasi wa RCD ukalipuka, Bukavu ikaponyoka mikononi mwa Kinshasa. Serikali ilikuwa imetwaa migodi ambayo, siku chache baadaye, haikuweza hata kuifikia.

Banro ilidai dola bilioni 1 mbele ya ICSID, kituo cha Washington kinachoamua migogoro ya uwekezaji. Katika kiini cha mgogoro, ilikuwa na la kusema: sahihi zipo, dekreti ipo, fidia haipo. Hata mkataba wenyewe uliitaja ICSID kama mahali pa kushtakiana. Lakini chini ya mkataba wa ICSID, kituo hicho husikiliza tu ugomvi kati ya nchi mwanachama na mwekezaji wa nchi nyingine mwanachama. Kongo ilikuwa ndani. Marekani ilikuwa ndani. Kanada haikuwamo.

Mbinu ya kuliziba pengo hilo ndiyo sehemu ninayoona inastahili kusomwa mara mbili. Kampuni mama ilihamishia hisa zake za SAKIMA kwa Banro American Resources, tawi lake lililosajiliwa Marekani, na tawi hilo, pamoja na SAKIMA, ndilo likafungua shauri. Kuhamisha hisa si kosa; makampuni hupanga uraia wao kila siku. Kosa lilikuwa kwenye kalenda: uhamisho ulifanyika baada ya mgogoro kuzuka, siku chache kabla ya madai kuwasilishwa.

Upande wa Kongo ukapiga hapo hapo. Kampuni ya Kanada haikuwahi kuwa na haki ya kuingia ICSID, basi ingewezaje kumrithisha binti yake haki ambayo yenyewe haikuwa nayo? Kukawa na pigo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Serikali ya Kanada ilikwisha kuingilia kati kidiplomasia kwa niaba ya Banro, na mkataba wa ICSID uliwekwa makusudi ili balozi zisiingie katika ugomvi wa aina hii. Mwekezaji hawezi kuwa Mkanada mbele ya balozi, kisha Mmarekani mbele ya waamuzi. Tarehe 1 Septemba 2000 waamuzi wakatamka kwamba hawana mamlaka ya kusikiliza. Juu ya dekreti za Kabila, uhalali wake au ubatili wake, hawakuamua lolote.

Ushindi huo haukuipa Kinshasa migodi. Vita viliendelea, na tarehe 18 Aprili 2002 serikali ya Joseph Kabila ikapatana na Banro: kampuni ikarudishiwa dhahabu ya Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya, serikali ikabaki na SAKIMA na kasiteriti yake. Walioshindwa Washington waliondoka na dhahabu yote.

Banro yenyewe baadaye ilifaidika na suala lile lile la mamlaka. Ilipowashtaki Ontario wachapishaji wa Quebec wa kitabu *Noir Canada*, washtakiwa walidai mahakama ya huko haiwahusu, kwani nakala zilizofika Ontario zilikuwa 93 tu. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema nakala hizo zinatosha.

Kanada iliingia ICSID tarehe 1 Desemba 2013. Kampuni ya Toronto inayosaini mkataba Kivu leo haihitaji tena binti wa Kimarekani.