Sensa Nyuma ya Tabo Ndiyo Inayoua Pistoni

Pistoni ikiyeyuka kwenye mashindano ya pikapu za dizeli kuvuta sleji la uzito kule Marekani, lawama hutupiwa bahati. Lakini mara nyingi kosa lilishafanyika gereji, fundi alipochomeka sensa ya joto la moshi nyuma ya tabo badala ya kwenye manifoldi ya ekzosi. Huo ni uamuzi mbovu, na hauna utetezi.

Mliotazama mivuto ya Bowling Green, Ohio, mnaijua robo ya mwisho ya njia. Boksi la uzito limeshapanda mbele ya sleji, mizunguko ya injini inashuka, na dereva bado amekanyaga mafuta mpaka chini. Katika daraja la 2.6, mdomo wa tabo umebanwa na kanuni kwenye inchi 2.6, yaani milimita 66 hivi, kwa hiyo hewa ya ziada haipo. Nozeli zinaendelea kumwaga dizeli. Sehemu yake inachelewa kuungua, na valvu ya ekzosi inafunguka moto ukiwa bado hai. Joto kwenye manifoldi linaweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi, ilhali aluminiamu huyeyuka kwenye 660. Kinachoiokoa pistoni ni oili inayorushwa chini yake na hewa mpya ya kila mzunguko, na kinga hiyo ina kikomo. Hapo ndipo geji ya nyuma ya tabo inapomwambia dereva kwamba mambo ni shwari.

Kosa hilo la geji lina sababu ya kifizikia. Tabo huzungushwa na nguvu ya moshi, na moshi ukishatoa nguvu hupoa. Tabo ikilemewa, pengo kati ya mbele na nyuma yake linaweza kuzidi nyuzi 100. Basi geji hiyo hukosea zaidi pale pale ukweli unapohitajika zaidi. Ni sawa na kupima homa juu ya blanketi.

Watetezi husema sensa ya mbele ikikatika itavunja mapanga ya tabo. Ni kweli, na dawa yake ni sensa imara inayobadilishwa kwa ratiba. Tabo ni rahisi kuliko injini nzima. Wengine husema mvuto ni wa sekunde chache tu. Lakini uso wa pistoni hupata moto upesi, na sensa nene huchelewa kuusoma. Ufupi huo unadai sensa nyembamba iliyo karibu na moto. Hoja nzito ni kwamba joto la moshi halisemi yote: ukiwahisha nozeli, geji inashuka huku mgandamizo ukipanda na kuumiza gasketi ya silinda hedi. Nakubali. Kipimo kisichosema yote kinataka kuwekwa mahali sahihi zaidi.

Waandaaji tayari wanajali vifaa vingine vya usalama: bolti zinazopishana ndani ya bomba la moshi na valvu ya kukata hewa ni kazi safi, lakini sensa imesahauliwa.

Mafundi wa enzi ya injini ya dizeli ya Cummins ya valvu 12 na pampu yake ya mafuta ya P7100 walirekebisha mafuta kwa mkono, wakiheshimu geji ya manifoldi. Leo moshi mweusi unashangiliwa kana kwamba ni nguvu, wakati ni mafuta yaliyokosa hewa. Waandaaji wanaokagua bolti hizo kabla ya mvuto wakague na sensa, na pikapu yenye sensa nyuma ya tabo isiruhusiwe kufungwa kwenye sleji.