Jumba Lisilo na Chini

Jina Pentominium lilitoka kwa maneno mawili ya Kiingereza yaliyobandikwa pamoja: penthouse, ile nyumba ya kifahari juu kabisa ya jengo, na condominium, jumba ambalo kila mtu anamiliki nyumba yake. Ulikuwa mnara wa ghorofa 122, mita 516, uliopangwa kusimama Dubai Marina, kando ya mfereji uliochimbwa na watu kuingiza bahari jangwani. Ahadi ya jina ilikuwa wazi: hapa, kila ghorofa ni ya juu kabisa.

Nalisoma jina hilo kama hadithi fupi, na naona hadithi haishiki. Huwezi kuwa na juu bila chini. Waulize watu wa Pipeline hapa Nairobi. Kwenye ploti isiyo na lifti, ghorofa ya saba si cheo, ni mtungi wa maji begani ngazi baada ya ngazi. Juu panageuka anasa siku ile mtu mwingine anapokubebea: pampu, lifti, fundi wake, mlinzi, anayeosha vioo.

Hao ndio jina linawafuta. Na Dubai, baadhi yao ni wetu: Wakenya wanaolinda milango na kusafisha sakafu, halafu jioni wanapanda basi kurudi kulala mbali na bahari.

Ujenzi ulianza 2009. Mwaka 2011 ukasimama, jengo likiwa limefika kama ghorofa ya 22. Pesa ziliisha, na zege likabaki hapo miaka na miaka likitazama yacht. Ajabu ni kwamba ghorofa ya 22 ndiyo ikawa juu kabisa kweli.

Sasa mnara mwingine wa ghorofa 122 umetangazwa kwenye kiwanja hicho hicho, kwa jina la Six Senses. Sina shida na urefu, binadamu amependa kupanda tangu zamani. Shida yangu ni picha za kompyuta zinazotuuzia jengo kabla lijengwe: jua linazama, bwawa linametameta, na hakuna hata mtu mmoja ameshika ndoo.

Ukiona picha kama hiyo, iwe ya Dubai au ya Kilimani, uliza tu: mlango wa wafanyakazi uko wapi?